Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Fildi na Supavisheni kwa Wanafunzi wa Masta ya Saikolojia Tiba

Kila rotesheni za fildi (vipindi vya mafunzo kwa vitendo hospitalini) zikikaribia maswali yanayokuja ni yale yale, inboksi, kwenye magrupu, hata kwenye korido, kwahiyo nimeyakusanya hapa. Naongelea zaidi Tanzania maana ndo ninakofanyia kazi na ninakosimamia wanafunzi, ila mtu wa Kenya au Uganda atajiona humu pia. Mwongozo wa chuo chako ukisema tofauti na mimi, fuata chuo.

Supavisheni ni nini hasa? Si ndo kukaguliwa tu?

Kukaguliwa kumo, tusidanganyane, supavaiza anajaza fomu na alama zako ziko mkononi mwake. Ila kazi yenyewe ni hii: we unaona wagonjwa wa kweli wenye shida za kweli wakati bado hujaiva, na kuna mtu aliyeiva anayebeba dhamana ya yule mgonjwa pamoja na wewe, kila wiki mnakaa mnapitia ulichofanya, neno kwa neno ikiwezekana, anakuonyesha mahali ulipopita bila kuona. Mgonjwa ni wake pia. Wengi hili hawalijui, wanasema "keisi yangu, keisi yangu", wakati ukiharibu na yeye kaharibu, ndo maana anakuhoji mpaka unakereka.

Na sio mtindo wa juzi. Kliniki ya saikoanalisisi (tiba ya mazungumzo ya kina Freud) ya Berlin iliyofunguliwa 1920, chini ya Max Eitingon, ndo iliweka utaratibu kwamba anayejifunza anaona wagonjwa huku mzoefu anafuatilia keisi zake. Baadae 1949 Wamarekani wakakutana Boulder, Colorado, wakakubaliana mwanasaikolojia tiba afundishwe vyote viwili, utafiti na tiba kwa vitendo, na muundo huo umesambaa dunia nzima. Ukiona unateswa na tasnifu huku una wagonjwa wodini, wa kulaumiwa ni wale wa Boulder.

Nikimaliza naweza kuandika dawa?

Hapana. Dawa ni ya daktari, na kwa magonjwa ya akili hasa daktari bingwa wa eneo hilo. We kazi yako ni tathmini, vipimo vya kisaikolojia na tiba ya mazungumzo. Lakini dawa uzijue, maana mgonjwa anayesinzia mbele yako inawezekana hajakuchoka, ni dozi ya asubuhi.

Nitapangiwa wapi?

Inategemea chuo chako na hospitali walizokubaliana nazo. Kwa walioko Dar kawaida jina la kwanza ni Muhimbili, idara ya afya ya akili, na hapo hapo kuna kliniki ya methadoni (dawa inayotolewa badala ya heroini) iliyoanza 2011 kwa ajili ya waliokuwa wanatumia heroini. Dodoma kuna Mirembe, pamoja na Isanga wanakopelekwa watu walioletwa kwa amri ya mahakama. Moshi KCMC, Mwanza Bugando, Zanzibar Kidongo Chekundu, na Korogwe huko milimani kuna Lutindi ya Walutheri ambayo wengi hawaifahamu kabisa.

Watu wanalilia Muhimbili kana kwamba kwingine ni adhabu. Mi naona sivyo. Methadoni kwa mfano, mtu anakuja kila siku kunywa dozi yake, kwahiyo unaweza kumuona wiki baada ya wiki ukajifunza kufanya mazungumzo ya kumsaidia mtu aamue mwenyewe kubadilika bila kumhubiria, wakati OPD (kliniki ya wagonjwa wa nje) ya kawaida unamuona mtu leo anatoka mkoani, nauli imeisha, humuoni tena. Mirembe utajifunza magonjwa makubwa, watu wanaosikia sauti, watu ambao ndugu zao walishaacha kuja. Hospitali za mikoa ndo utaona kila kitu kwa siku moja, mtoto anayekojoa kitandani, bibi aliyefiwa, kijana wa bangi, mjamzito asiyelala, na labda hamna mwanasaikolojia mwingine jengo zima. Hiyo ya mwisho ni nzuri ukiwa umeshaiva kidogo, sio rotesheni ya kwanza.

Wiki ya kwanza nafanya nini?

Unakaa unaangalia. Najua umekuja na moto, umesoma tiba ya fikra na tabia darasani, unataka kuanza, ila kaa kwanza pembeni uangalie wengine wanavyofanya. Jua mafaili yanakaa wapi. Jitambulishe kwa sista inchaji siku ya kwanza asubuhi, sio siku ya tatu ukishamuudhi, wauguzi ndo wenye wodi, wanajua nani hajala, nani kalia usiku, nani mume wake alikuja jana wakagombana, hayo yote hayapo kwenye faili.

Na kabla ya mgonjwa wa kwanza hakikisha una jibu la swali moja: nikipata mgonjwa wa hatari saa tisa alasiri na simu ya supavaiza haipatikani, nampigia nani? Kama hamna anayejua jibu, usianze mpaka lipatikane.

Masaa yanahesabiwaje?

Kila chuo kina idadi yake kwa hiyo idadi kaisome huko. Kimsingi yanagawanyika, kuna ya kukaa uso kwa uso na mgonjwa, kuna ya kuandika ripoti, kusahihisha vipimo, kuhudhuria mikutano ya wodi, alafu ya supavisheni yanahesabiwa peke yake. Muulize mratibu mapema kama mgonjwa asipotokea lile saa linahesabika, maana wasiotokea ni wengi, msimu wa mvua usiseme.

Logibuku, lile daftari la kurekodi masaa yako, ijaze siku hiyo hiyo. Kuna watu wanakaa wiki ya mwisho kujaza miezi mitatu kwa kukumbuka, anakuja kusainiwa wino wa rangi moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, supavaiza sio mtoto.

Kwa kulinganisha tu, Marekani mwanafunzi aliyefika mwaka wa intanshipu, kwa programu zenye ithibati ya chama chao cha saikolojia, anatakiwa apate angalau masaa 4 ya supavisheni kwa wiki, 2 kati ya hayo akiwa peke yake na mwanasaikolojia mwenye leseni. Kwetu ukipata saa moja la uhakika kila wiki, mlango umefungwa na simu imezimwa, shukuru, alafu lilinde. Saa moja la kweli linakufundisha kuliko wodi raundi kumi za kusimama nyuma ya kundi ukichungulia.

Niende na nini kwenye supavisheni?

Hapa naomba tukae kidogo maana ndo wanafunzi wengi wanapotezea mwaka.

Mwanafunzi anakuja anasema, "Dokta, mgonjwa mwanzoni alikuwa mgumu kidogo lakini tulijenga uhusiano mzuri." Haya. Sentensi hiyo haina kitu, siwezi kumsaidia. Namuuliza, alisema nini? "Alikuwa anaonyesha kutokuniamini." Sio hivyo, alisema nini, maneno yake. Anafikiria. "Alisema, hata nikikwambia, we utanisaidia nini?" Enhe, we ukajibuje? "Nikamwambia usijali mama, kila kitu kitakuwa sawa."

Sasa hapo ndo tuna kazi ya saa zima. Mama kauliza swali la haki kabisa, mtu wa umri wa kuwa mwanae yuko mbele yake na kalamu, na pengine kabla ya hapo keshahadithia kwa shemeji, kwa mchungaji, kwa mjumbe, hamna kilichobadilika. "Usijali" imemfunga mdomo kwa upole. Kwahiyo tunaigiza, mi nakuwa yule mama, we unajaribu tena, mara ya pili, ya tatu, mpaka inatoka kitu kama, "Inaonekana ulishawaambia watu, na hamna aliyekusaidia." Alafu unanyamaza. Kunyamaza ndo kugumu zaidi, wengi wanaongeza maneno matano hapo hapo wanaharibu.

Kwahiyo njoo na maneno. Yaandike mara tu mgonjwa akitoka, kama alivyoyasema yeye, "kichwa kinajaa", "moyo unaenda mbio", "nawaza sana", usiyageuze kuwa lugha ya kitabu kabla hatujayaangalia. Na njoo na pale palipokushinda. Sesheni iliyoenda vizuri tutaisifia dakika mbili, ile uliyotoka jasho ndo ya kuleta.

Najua kwanini hamleti, mnaogopa alama. Ladany na wenzake walichunguza hili Marekani 1996, wakakuta karibu wanafunzi wote, asilimia 97, kuna kitu wanamficha supavaiza wao. Kingi kilikuwa ni jinsi wanavyomuona supavaiza mwenyewe, lakini na makosa ya kwenye tiba yalikuwemo. Kwahiyo ukificha hauko peke yako, ila mgonjwa ndo anayelipia.

Naruhusiwa kurekodi sesheni?

Ukiwa na ridhaa ya mgonjwa, kwa maandishi, na chuo na hospitali wameruhusu, ndio, na mi napenda sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mwanasaikolojia Carl Rogers alikuwa chuo cha Ohio State anarekodi mazungumzo na wateja kwenye santuri, ili wanafunzi wasikie chenyewe badala ya kusimuliwa. Sisi tuna simu mfukoni tunaona aibu.

Ila simu hiyo hiyo ndo tatizo. Usirekodi kwenye simu inayojipakia yenyewe kwenye mtandao, wala ambayo mdogo wako anachezea gemu. Omba kifaa cha idara kama kipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Baada ya supavisheni rekodi inafutwa, na mgonjwa aambiwe tangu mwanzo itafutwa lini na nani ataisikia. Akikataa, amekataa, huduma anapata ile ile na hamna kununa.

Na kwenye WhatsApp msijadili wagonjwa. "Sijataja jina" haitoshi, ukisema "mwalimu wa sekondari, Mbagala, mapacha, mume baharia" umeshamtaja.

Lazima nimwambie mgonjwa kuwa mi ni mwanafunzi?

Lazima. Jina lako, kwamba uko kwenye mafunzo ya masta, kwamba unasimamiwa na fulani, na kwamba utaongea nae kuhusu maendeleo yake. Sentensi mbili tu. Akikuita "daktari" mrekebishe mara moja kwa adabu, akiendelea, muache, usigeuze sesheni kuwa ubishi wa vyeo.

Mgonjwa ni mkubwa kuliko mimi, ananiona mtoto tu. Nifanyeje?

Shikamoo kwanza. Sijui nani aliwaambia kwamba utaalamu unafuta shikamoo. Mzee wa miaka sitini ukimuanza na "habari yako" umemaliza kazi kabla hujakaa. Akikuuliza umeolewa, una watoto, usikimbilie kitabu kinachosema usijieleze kamwe, kwetu kukaa na mtu bila kumjua ni wa nani ni ukosefu wa adabu, mjibu kifupi kisha urudi kwake: "Bado, mzee. Naona unajiuliza kama nitayaelewa haya ya ndoa." Mara nyingi ndo alichokuwa anauliza.

Ndugu wanataka kuingia, wanataka kujua kasema nini

Hapa vitabu vya nje havitusaidii sana. Mgonjwa kaletwa na kaka aliyelipa nauli, kalala kwa shangazi, na kaka yuko mlangoni anaona ni haki yake. Usimfungie mlango kwa ukali, kesho hataleta mgonjwa. Utaratibu ninaowafundisha ni kuanza na wote dakika chache, kusikia ndugu wanaona nini (na wanaona vingi), kisha unasema wazi mbele ya wote: sasa nitakaa na yeye peke yake, tutakayoongea ni yake, nitawaambia nyie yale tu atakayokubali, isipokuwa maisha yake au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Ukishasema mbele ya wote hamna wa kusema ulimficha.

Akiwa ni mtoto mambo yanabadilika, hiyo usiamue mwenyewe, ipeleke kwa supavaiza siku hiyo hiyo.

Mgonjwa akisema anataka kujiua nifanye nini?

Kwanza, mara nyingi hasemi. We ndo unauliza, na wanafunzi wengi wanauliza kwa namna ya kuomba jibu la hapana: "Lakini huwezi kufikiria jambo baya, eti?" Mtu mzima anakuangalia, anaona ulivyoogopa, anakuonea huruma anasema, "Aa, hapana."

Uliza wazi, litaje neno kujiua lenyewe. "Watu wakipitia kama haya kuna wakati wanafikiria kujiua. Wewe imeshakufikia hapo?" Sauti ya kawaida, macho kwake, sio kwenye fomu. Kuuliza hakumpandikizii wazo, hilo limechunguzwa vya kutosha. Akisema ndio, usiruke, endelea: tangu lini, umefikiria namna gani, hicho kitu kipo nyumbani, nini kimekuzuia mpaka leo, umeshawahi kujaribu. Alafu humuachi. Hatoki kwenda "kununua maji" peke yake. Unampigia supavaiza palepale, na kama hapatikani yule wa pili uliyemuandika wiki ya kwanza, daktari wa zamu anamuona, na kama anarudi nyumbani kuna ndugu anayejua, kuna mpango umeandikwa, na dawa ya shamba au chochote alichokitaja kimeshaondolewa pale nyumbani kabla hajafika. Unaandika kwenye faili siku hiyo, saa ngapi, nani kaambiwa.

Kuna kikwazo kimoja kwetu. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217 inasema kujaribu kujiua ni kosa, kwahiyo familia zinaficha, mtu yuko wodi ya kawaida na maelezo ni "alikunywa kimakosa gizani". Usiwe mpelelezi, we uko pale kwa ajili ya tiba, mwambie hivyo. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikasema kinapingana na katiba. Sisi bado.

Na baada ya siku kama hiyo usiende nyumbani moja kwa moja kama vile hamna kitu. Kaa na supavaiza hata nusu saa.

PHQ-9 (ile fomu ya kuchuja sonona) ikitoka 18 naandika ana sonona?

Hapana. PHQ-9 ina maswali 9, alama 0 mpaka 27, kuanzia 10 kwenda juu unaangalia kwa makini, kwa Kiswahili ipo na inatumika, lakini ni chujio tu. Ugonjwa unautambua kwa mahojiano. Na swali la 9, lile la kuwaza kufa au kujiumiza, usiliache kwenye karatasi hata kama jumla ni ndogo, mtu akitia alama yoyote pale zaidi ya sifuri unarudi kwenye jibu la hapo juu. Nimeona fomu zimejazwa vizuri, zimejumlishwa vizuri, zimepachikwa kwenye faili vizuri, na swali la 9 hamna aliyeligusa.

Mgonjwa anaenda kwa mganga, au kwenye maombi, au anasomewa. Nimkataze?

Kwani ukimkataza ataacha? Ataacha kukwambia tu. Uliza kwa heshima anapata nini kule, wanamwambia nini kuhusu chanzo, na je kuna kitu kinamdhuru, kafungwa kamba, kaambiwa aache dawa, anafungishwa siku nyingi bila chakula. Hayo unasimama imara. Mengine mnatembea nayo. Anayeamini karogwa na jirani bado halali usiku, na kukosa usingizi unaweza kukufanyia kazi leo bila kwanza kubishana kuhusu jirani. Supavaiza wako anaweza kuwa na msimamo mkali hapa, wa dini au wa kupinga, mjadili, ni halali kujadili.

Kaniletea kuku. Nikatae?

Inategemea! Mayai sita ya mama aliyetoka Kisarawe kukushukuru siku ya mwisho, pokea, shukuru, andika kwenye faili, mwambie supavaiza, mkagawane na wauguzi. Hela, hapana. Simu mpya, hapana. Zawadi kila wiki, hapana, hapo kuna kitu kinaongelewa kwa njia ya zawadi, kilete supavisheni. Namba yako binafsi usitoe, atumie ya kliniki. Na ukikutana nae kwenye daladala we subiri yeye akusalimie, asipokusalimia hamjuani.

Supavaiza wangu ni daktari wa akili, sio mwanasaikolojia. Inakubalika?

Kwa uhaba wetu wa wanasaikolojia tiba inatokea sana, na kwa mambo ya dawa, hatari, sheria, utajifunza mengi kwake. Ila mbinu za tiba ya mazungumzo zinataka mtu anayezifanya. Omba chuo kikupe wa pili hata kwa mtandao. Supavisheni ya video inafanya kazi, mradi uwe chumba chenye mlango, sio kantini na hedifoni. Mkiwa kikundi pia ni sawa, unajifunza kwa keisi za wenzio, ila isichukue nafasi ya ile ya peke yako.

Supavaiza ananibadilikia, leo ananifundisha kama darasani, kesho ananiuliza najisikiaje

Huyo anafanya kazi yake. Janine Bernard tangu 1979 alieleza kwamba supavaiza anavaa kofia tatu, ya mwalimu, ya mshauri na ya mtaalamu mwenzio, anabadilisha kulingana na ulichokwama. Hujui kutumia kipimo, anafundisha. Unajua ila kila ukikaa na yule mbaba mlevi unakasirika, anakuuliza kuhusu wewe. Tofauti ni hii tu: anauliza kuhusu wewe kwa ajili ya mgonjwa. Akianza kuchimba maisha yako yasiyohusiana na kazi, una haki ya kusema hapo naomba tusiingie.

Supavaiza hana muda / anafokea / ananitaka kimapenzi

Hayo matatu hayalingani hata kidogo, nayajibu moja moja.

Hana muda: mpangie. Mtumie meseji jumapili jioni, "Dokta, nina keisi mbili za kujadili, moja ya haraka, jumanne saa nane inakufaa?" Watu wana kliniki ya wagonjwa wengi, atakayekumbushwa vizuri anakuja. Baada ya wiki mbili bila kukutana mwambie mratibu kwa maandishi, kwa sababu unaona wagonjwa bila usimamizi na hilo ni hatari kwao.

Anafokea: mbele ya mgonjwa haikubaliki, mkiwa wawili muulize tu kosa ni lipi hasa na lirekebishweje. Wengine wamefundishwa hivyo hivyo na wanadhani ndo kufundisha.

Anakutaka: hapo hamna "kutafuta namna ya kuongea nae". Anashika alama zako, kwahiyo hakuna ridhaa ya kueleweka hapo. Hifadhi meseji, usifute, andika tarehe, mwambie mratibu au dawati la jinsia la chuo, mwambie na mtu wako wa karibu. Wanaowaambia "vumilia umalize" hawawatakii mema.

Nimetokwa na machozi kwenye sesheni. Nimefeli?

Hapana. Machozi yakitoka kidogo mama aliyefiwa na mtoto hatakushtaki. Ukilia mpaka yeye akakubembeleza, basi sesheni imegeuka, ilete tuizungumze. Kama kila keisi ya msiba inakurudisha kwenye msiba wako, tafuta mtu wa kukuona wewe kama mteja. Sio supavaiza, mtu mwingine. Supavaiza akikutibu na kukupa alama kwa wakati mmoja mtachanganyikiwa wote.

Wenzetu nje wanafanyaje?

Afrika Kusini, masta, kisha intanshipu ya miezi 12, kisha mwaka mmoja wa kuhudumia jamii kabla ya kusajiliwa kufanya kazi huru kama mwanasaikolojia tiba. Marekani wanataka shahada ya udaktari (kama PhD) kabisa, na nafasi za intanshipu zinagawiwa kwa kompyuta inayooanisha chaguo za mwanafunzi na chaguo za vituo, tangu 1999, watu wanalia siku ya matokeo kama ya kidato cha nne. Uingereza ni shahada ya udaktari ya miaka mitatu na mwanafunzi anaajiriwa na kulipwa mshahara na NHS (huduma ya afya ya serikali yao) wakati anasoma, hiyo naiweka hapa ili wahusika waione. Kenya wana sheria yao ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014 iliyounda bodi. Kama unafikiria kuhamia nchi nyingine, weka logibuku yako safi na barua za supavaiza zenye tarehe na masaa, watakuja kuziuliza miaka mingi baadae wakati supavaiza ameshastaafu.

Naweza kufeli fildi?

Unaweza, na sio kwa sababu tiba hazikufanikiwa. Wagonjwa wengine hawaponi hata kwa mabingwa. Watu wanafeli kwa kuonyesha vyeti vya masaa hewa, kuvujisha siri, kutokuja, kutosikia mrejesho wiki baada ya wiki. Mrejesho usisubiri wa mwisho, omba katikati ya rotesheni kwa maandishi. Kuna hata vipimo vya kumpima mtoa tiba, kile cha tiba ya fikra na tabia cha Young na Beck cha 1980 kina vipengele 11, kila kimoja 0 mpaka 6, na 40 kati ya 66 ndo mstari unaotumika sana. Mwanafunzi anayeanza kupata 25 ni kawaida kabisa. Pima mwanzoni, pima mwishoni, utajiona.

Fildi inaisha, wagonjwa wangu je?

Waambie mapema, mgonjwa wa kila wiki ajue angalau wiki nne kabla, na ukumbushe kila sesheni, maana kuna waliokwishaachwa bila kuagwa na hawa ndo wanaosema "haina shida" kisha hawaji tena. Tenga sesheni nzima ya mwisho kwa ajili ya kuagana, ulizeni nini kimesaidia, nini bado. Anayehitaji kuendelea mtambulishe kwa atakayempokea uso kwa uso, wote watatu chumba kimoja, dakika kumi zinatosha, na kwenye faili andika jina la aliyempokea, tarehe ya kuonana nae na namba ya kliniki ambayo mgonjwa kapewa. Kuaga kwa meseji hapana.